Risala ya Wahitimu wa Filamu na Uhuishaji kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Kwa niaba ya wenzangu tunaohitimu leo, ninakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Tunafahamu kwamba kazi yako ya kila siku ni kupitisha bajeti za filamu na kuajiri watu wa fani yetu. Ndiyo maana hatutakusomea orodha ya masomo tuliyopitia, bali tutakueleza jambo moja ambalo tumejifunza kwa machungu: mitambo mipya haileti manufaa mahali ambapo mtu anaogopa kumwonyesha kiongozi wake kazi ambayo bado haijakamilika.

Mheshimiwa, mwaka 1972 Edwin Catmull, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Utah, alichukua umbo la mkono wake kwa plasta, akachora juu yake mistari ya vipande vidogovidogo, akaingiza vipimo vyake katika kompyuta. Yeye na mwenzake Fred Parke wakatoa filamu fupi inayoonyesha mkono huo ukigeuka na kukunja vidole. Tangu wakati huo alitamani kutengeneza filamu ndefu nzima kwa kompyuta, na ndoto hiyo ilitimia Novemba 1995, filamu ya Toy Story ilipoanza kuonyeshwa. Ilichukua miaka 23. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1986, Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Apple, alinunua kitengo cha kompyuta cha kampuni ya filamu ya Lucasfilm alichokiongoza Catmull, kikawa kampuni ya Pixar iliyotengeneza Toy Story, na kwa miaka mingi aliendelea kuingiza fedha zake katika kampuni isiyompa faida. Sifa hutolewa kwa programu, lakini programu ile iliandikwa na watu ambao wasingekaa pamoja kwa muda huo wote kama kila mwaka wangedaiwa mapato ya mwaka huo.

Jambo la pili la kampuni hiyo ndilo tulilojadili zaidi darasani. Muongozaji huonyesha filamu yake ikiwa bado michoro mitupu na sauti za muda, mbele ya waongozaji wenzake, nao humwambia waziwazi panapolegea. Wana ruhusa ya kusema chochote, ila hawana mamlaka ya kumwamuru abadilishe hata onyesho moja, kwa kuwa uamuzi unabaki kwake. Kwa maoni yetu huo nao ni uvumbuzi, ingawa hauuzwi dukani.

Mwaka 1998, wakati Toy Story 2 ikitengenezwa, amri moja iliyoandikwa kimakosa ilianza kufuta mafaili ya filamu hiyo, na nakala za akiba zilipotazamwa zikakutwa hazifai. Kilichookoa kazi ni kompyuta iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mmoja wa watengenezaji wa filamu hiyo, aliyekuwa ameruhusiwa kufanyia kazi nyumbani baada ya kujifungua. Wenzetu hupenda kuisimulia habari hii kama bahati. Sisi tunaona kwamba ruhusa aliyopewa mama mmoja ilifanya kazi ambayo mfumo mzima wa akiba ulishindwa kuifanya. Isitoshe, baadaye viongozi waliitazama filamu iliyookolewa, wakakiri kwamba haijafikia kiwango, na sehemu kubwa yake ikatengenezwa upya.

Nasi tulipata somo letu, Mheshimiwa. Filamu yetu ya mwisho ni ya dakika tatu, inayohusu ndege mchanga anayejifunza kutua juu ya waya. Kila sekunde ina fremu 24, yaani picha moja moja zinazofuatana, kwa hiyo zote ni fremu 4,320. Kurenda, yaani kuiachia kompyuta ikokotoe mwanga, kivuli na rangi, kulichukua wastani wa dakika 10 kwa fremu moja. Kompyuta moja ingehitaji siku 30 bila kupumzika. Tulikuwa nazo nne, zilizokesha zikiwaka kwa zaidi ya wiki moja. Zikiwa zimebaki siku mbili tu kuwasilisha, tuligundua kwamba katika dakika ya pili kivuli cha bawa la kushoto kinatoweka na kurudi, kinatoweka na kurudi, kama taa mbovu. Mwenzetu mmoja alikuwa ameliona tatizo hilo tangu fremu za majaribio. Alinyamaza kwa sababu msimamizi wa uzalishaji alikwisha kutangaza kwamba hataki kusikia habari ya marekebisho. Msimamizi huyo ndiye anayekusomea risala hii.

Kurudia dakika hiyo kulihitaji saa 60, nasi tulikuwa na saa 48. Hesabu haikukubali.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatukuombi mitambo ya bei kubwa. Programu ya uhuishaji ya Blender hutolewa bure, na mwaka 2025 filamu ya Flow, iliyotengenezwa kwa programu hiyo chini ya uongozi wa Gints Zilbalodis wa Latvia, ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu ndefu ya uhuishaji. Tunachokuomba ni kwamba katika bajeti utakazopitisha, fungu la nakala za akiba lisiwe la kwanza kukatwa, na anayezisimamia apewe muda wa kujaribu kuzirejesha, kwa sababu akiba ambayo haijawahi kufunguliwa haina tofauti na kutokuwa na akiba. Tunaomba pia kila wiki kuwe na saa moja ambayo kazi ghafi inaonyeshwa mbele ya kiongozi, naye awe wa mwisho kuzungumza. Kuhusu akili mnemba, ambayo ilikuwa miongoni mwa hoja za migomo ya waandishi na waigizaji wa Hollywood mwaka 2023, hatuikatai, kwani baadhi yetu tumeitumia kusafisha picha. Tunaomba tu kwamba kabla haijanunuliwa, wachoraji waitwe mezani waeleze ni kazi gani wangependa kupunguziwa, na michoro ya mtu isitumiwe kuifundisha mashine bila ridhaa yake.

Baada ya risala hii utaitazama filamu yetu. Kivuli cha bawa kitapepesa kwa sekunde 12 ambazo muda haukutosha kuzirudia, kuelekea mwisho wa dakika ya pili. Mwenzetu aliyekiona mapema amekaa safu ya mbele, na maswali ya kiufundi atayajibu yeye.

Tunaomba kuwasilisha.