Karatasi ya pH haijui floridi

Ndugu Mhariri,

Mvua za Septemba zikianza, kila anayelala chini ya manjanja (mabati) huku Goma, Rusayo na Sake, mashariki mwa Kongo, hutega bidoni, na swali huwa lile lile: maji haya yananyweka? Wengi hujijibu kwa kikaratasi cha pH, kile kinachogeuka rangi kuonyesha maji yana asidi kiasi gani. Wanakichovya kwenye tangi, kinageuka kijani, wanapiga picha na kuwatumia majirani: maji ni mazuri. Tunaomba nafasi kidogo tuseme kwamba kikaratasi hicho hakikuulizwa swali lenyewe, kisha tueleze namna watu wa avenyu moja wanavyoweza kupima kwa mikono yao, kwa vitu vinavyopatikana mjini.

Moshi wa volkano zetu, Nyiragongo na Nyamulagira, si moshi wa jikoni. Ndani yake mna dioksidi ya salfa, asidi ya kloridi na asidi ya floridi. Pepo za kwetu mara nyingi huusukuma upande wa magharibi, kuelekea Rusayo, Sake na Masisi, na upepo ukigeuka Goma nayo hupata fungu lake. Mvua ikipita ndani ya moshi huo hushuka nao. Mvua isiyo na moshi wowote ina pH ya karibu 5.6, kwa sababu ya hewa ya kaboni iliyomo angani, na kila namba moja unayoshuka ni asidi mara kumi zaidi: 4.6 si "pungufu kidogo" ya 5.6. Lakini cha kuhofia zaidi kwa anayekunywa ni floridi inayotoka kwenye asidi hiyo ya floridi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Maji yakizidi hapo kwa miaka mingi, meno ya watoto huota na madoa meupe, kisha ya kahawia, na kiwango kikiwa kikubwa zaidi hata mifupa huumia. Hatari kwa meno ni katika umri ambao meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi, yaani kabla ya miaka minane. Doa likishaonekana, maji yaliyolileta yalishanywewa zamani.

Sasa kwa nini kikaratasi kinadanganya? Kwa sababu ya saruji. Mvua yenye asidi ikiingia kwenye tangi la saruji, saruji inaimaliza asidi, na tangi jipya linaweza kuipandisha pH mpaka 9. Floridi inabaki. Chokaa iliyomo kwenye saruji hushika sehemu yake tu, haiwezi kuishusha hadi 1.5. Kwa hiyo rangi ya kijani kwenye tangi inakupa habari za fundi mwashi, si za mvua. Kwenye mvua yenyewe, kabla ya tangi, kikaratasi kina ugonjwa mwingine: maji ya mvua ni mepesi mno, hayana chumvi ya kutosha, hata ile rangi ya karatasi yenyewe inatosha kuyageuza. Mita ya kalamu ni bora, mradi irekebishwe siku hiyo hiyo kwa maji ya pH 4.01 na 6.86, kisha iachwe ndani ya mvua bila kukorogwa dakika tatu hadi tano mpaka namba itulie. Anayesoma baada ya sekunde kumi anasoma mabaki ya kipimo kilichotangulia.

Kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yanapungua, floridi inabaki, kwa hiyo inazidi kukolea. Dawa ya klorini huua vijidudu tu.

Tuje kwenye kazi. Tega mvua kwa njia tatu, kila moja na chupa yake. Ya kwanza ni mvua ambayo haijagusa paa: faneli ya plastiki juu ya chupa, mita moja na nusu kutoka ardhini, mbali na ukuta, mti na jiko la makaa, itolewe nje mvua inapoanza, si jana yake, la sivyo utapima vumbi la barabara. Ya pili ni maji ya kwanza yanayoshuka kwenye bomba la paa. Ya tatu ni yale yaliyomo ndani ya tangi. Chupa tatu hizo zikiwekwa pamoja zinakwambia kosa liko angani, kwenye bati au kwenye tangi, jambo ambalo chupa moja haiwezi hata ikipimwa kwa mashine ya bei gani. Chupa ziwe za plastiki, kamwe si za kioo, kwa kuwa floridi katika maji ya asidi inakishambulia kioo na kupotea. Zisioshwe kwa sabuni ya unga: fosfati yake inaiga floridi kwenye kipimo. Zisuuzwe mara tatu kwa maji distile. Hapo uangalifu unatakiwa, maana dukani maji ya betri yapo ya aina mbili, maji distile na asidi yenyewe, na galoni zake zinafanana. Kalamu ya kupima chumvi ya maji inayamaliza mabishano: maji distile ya kweli yanaonyesha sifuri, moja au mbili, si zaidi.

Floridi hupimwa kwa kitendanishi (dawa ya kupimia) cha zirkonia chenye rangi. Maji yasiyo na floridi yanabaki ya waridi. Floridi inapoongezeka inainyang'anya rangi ile zirkonia yake, na maji yanaelekea njano. Kadi ya rangi inayokuja ndani ya kiboksi haitoshi, kwa sababu imechapwa kwa wino na jua linaifuta. Tengenezeni ngazi yenu wenyewe ya rangi, yaani chupa zenye floridi inayojulikana. Floridi ya sodiamu gramu 2.21 ikiyeyushwa katika lita moja ya maji distile inatoa floridi miligramu 1000 kwa lita. Chukua mililita 100 za maji hayo, ongezea mpaka lita moja, umefika 100. Mtu atauliza kwa nini tusipime moja kwa moja gramu 0.22 tukaokoa hatua. Ni kwa sababu ya mizani. Mizani midogo ya wanunuzi wa dhahabu, ile inayopatikana mjini kwa urahisi, inasoma hadi 0.01. Ukipima 0.22, kosa la tarakimu moja ni karibu asilimia tano, ukipima 2.21, ni chini ya nusu asilimia. Kuanzia pale, hesabu ni nyepesi hata kwa mtoto wa shule: kwa sindano ya mililita moja, weka mililita 0.5, 1.0, 1.5, 2.0 na 3.0 za maji yale ya 100 katika chupa tano, ongeza maji distile mpaka kila moja iwe mililita 100, na umepata ngazi ya 0.5, 1.0, 1.5, 2.0 na 3.0. Chupa ya sita ni maji distile matupu. Mililita 100 usizipime kwa kikombe. Weka chupa juu ya mizani, gramu 100 za maji ni mililita 100.

Floridi ya sodiamu ni sumu. Gramu mbili zikimezwa na mtoto mdogo zinaweza kumuua. Kazi ya kuyeyusha ifanywe na mtu wa duka la dawa au mwalimu wa kemia mwenye glavu, mara moja kwa kartye nzima, na maji yale ya 1000 na 100 yafungiwe kwenye kabati, yameandikwa SUMU, wala yasitiwe kamwe kwenye chupa iliyowahi kuwa ya soda. Avenyu inahitaji ngazi tu, siyo unga.

Siku ya kupima, ngazi na sampuli zilale usiku mmoja chumba kimoja, kwa kuwa rangi inabadilika na joto: chupa iliyotoka juani ikisimama karibu na chupa iliyotoka gizani, unalinganisha jua na giza. Chukua kiasi kile kile cha kila maji, tia kitendanishi matone yale yale, kidondoshi kikiwa wima, maana kikiinama tone linabadilika ukubwa. Subiri muda ulioandikwa kwenye kiboksi, wala si muda wa kumaliza simu. Kisha weka karatasi nyeupe chini na uangalie kutoka juu, mchana, kivulini. Taa ya njano ya usiku itakupa floridi kila mahali. Atakayepiga picha aweke sampuli katikati ya ngazi katika picha moja, kwani kamera ya simu hujirekebishia rangi na picha mbili hazilinganishwi. Sampuli ikiwa njano kuliko 3.0, ichanganye nusu kwa nusu na maji distile, pima tena, zidisha kwa mbili.

Makosa yaliyobaki yana pande mbili. Klorini inafuta rangi na kukupa floridi isiyokuwepo, kwa hiyo chota kabla ya kutia dawa. Alumini inaishika floridi na kuificha, kwa hiyo usichotee kwa sufuria, na maji yenye majivu yaache yatuame kwanza. Halafu kuna dawa ya meno. Gramu moja ya ile yenye floridi 1450 ppm (sehemu kwa milioni) ina karibu miligramu 1.5, yaani inatosha kuipeleka lita nzima ya maji matupu hadi kwenye kikomo. Kikombe cha kupigia mswaki na vidole vya asubuhi vikae mbali na chupa hizi. Ndiyo sababu ile chupa ya maji distile matupu ni lazima ipitishwe kila hatua, kwenye faneli na kwenye kidondoshi, sawasawa na sampuli. Ikitoka na floridi, vipimo vyote vya siku hiyo vifutwe, hata vile vinavyopendeza.

Daftari liandikwe tarehe, saa, avenyu, aina ya paa (bati jipya, bati la kutu, turubai), tangi la saruji au la plastiki, siku ngapi zilipita bila mvua, na moshi wa mlima ulikuwa unaelekea wapi. Bila safu hii ya mwisho, namba zote zitaonekana kupanda na kushuka bila sababu. Na sifuri iandikwe. Huko Marekani, baada ya mafuriko ya Fort Collins ya 1997, raia walianzisha mwaka 1998 mtandao wa CoCoRaHS wa kupima mvua majumbani, na sharti wanalolisisitiza mpaka leo ni kwamba siku kavu nayo iandikwe sifuri, kwa kuwa nafasi tupu haisemi kama mvua haikunyesha au mpimaji alilala. Katika kila sampuli kumi, moja ipimwe mara mbili na mtu mwingine asiyejua jibu la kwanza. Katika kila ishirini, moja ipelekwe maabara yenye elektrodi ya floridi; kwenye plastiki floridi inasubiri wiki kadhaa bila kuharibika, tofauti na pH ambayo ni ya siku ile ile.

Namba zikipatikana, kuna la kufanya. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 40 kwa nusu milimita limejaza bidoni ya lita 20. Bidoni hiyo ya kwanza imwagwe, na mvua ya kwanza ya Septemba, baada ya kiangazi kizima cha vumbi na majivu, imwagwe zaidi ya hiyo. Chupa ya kwanza na ya pili zikitoka karibu sawa, basi floridi inashuka na mvua yenyewe na kumwaga hakutasaidia sana. Hapo maji hayo yaende kwenye kufua na kuoga. Au yachanganywe: lita moja yenye 3.0 na lita moja yenye 0.4 ni lita mbili zenye 1.7, bado juu ya kikomo, lakini moja kwa tatu inashuka hadi karibu 1.1. Na maji yenye floridi ya chini kabisa yatengwe kwa watoto wa chini ya miaka minane, mzee anaweza kungoja. Kuchuja kwa mkaa wa mifupa kunawezekana pia, Nakuru na Arusha wamekutumia kwa maji yao ya bonde la ufa, ila mkaa huo huchoka, na asiye na ngazi ya rangi hatajua umechoka lini.

Tunalokuomba wewe, Ndugu Mhariri, ni nafasi ndogo ya jedwali mara moja kwa mwezi msimu wa mvua: jina la kartye, mvua mbichi, paa, tangi, na chupa tupu. Majina ya watu na namba za nyumba hayahitajiki. Kartye itakayoleta namba bila safu ya chupa tupu, usiichapishe.

Wasomaji wako,
Himbi, Goma