Ile si nongo, dada

Leicester, Uingereza, Jumapili usiku

Kwa dada yangu Zuhura,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu, mimi mzima, alhamdulillah, na baridi imeanza kulegea. Mama anaendeleaje na goti? Mwambie dawa ya kuchua nimeshaipata, ataletewa na mtu.

Sauti yako ya dakika saba niliisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa ndani ya basi, nikaizima njiani kwa kuogopa kulia mbele za watu. Umetaja mambo matatu: simiti ya ukuta wa nyuma, simu mpya ya mwanangu Sauda, na ile chai ya kumpunguza mwili ya shilingi 4,500. Nitayajibu yote, lakini nianze na chai, maana ndiyo iliyoninyima usingizi.

Chai sinunui. Dada, sanamaki unaijua. Bibi alitunywesha kila tulipovimbiwa, tukashinda kutwa tunakimbilia choo. Basi chai nyingi za namna hii ndani yake mna majani hayo hayo, yametiwa tu kwenye pakiti yenye picha ya msichana mwembamba. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili. Mizani inashuka siku mbili, mtoto akinywa maji inapanda tena, na mafuta hayajaguswa hata chembe. Akiendelea kuinywa, potasiamu inapungua damuni na moyo unaanza kwenda mrama. Mtoto wa miaka 13! Mwambie huyo anayeuza akanywe na wanawe.

Lingine, ambalo hukulitaja, ni harusi ya Fatma, na hili usidhani limenipita. Hakuna mtu aliyenishtakia. Mimi ndiye niliyemuuliza Sauda mbona picha zote za harusi hayumo hata moja. Akanyamaza, mwisho akasema: "Mama, sikutaka kupigwa picha." Nikamchimba mpaka nikalipata. Usiku wa hina, mbele ya wanawake wote, ulisema huyu akiolewa kitanda chake kitengenezwe kwa boriti. Watu wakacheka. Mwanangu akapanda juu darini, pilau hakuonja, na saa saba usiku, nyumba imelala, akashuka jikoni akala mkate wa sinia peke yake gizani mpaka ukabaki kipande.

Najua hukukusudia ubaya. Najua pia mwenye mtoto ni anayemlea, uliniambia hivyo na sikukujibu, kwa sababu miaka 6 wewe ndiye unayeamka naye. Lakini maneno yale yamemuingia. Mtoto anayechekwa mwili hapunguzi kula kwa kuchekwa. Anakula kwa kujificha, tena anakula zaidi. Hilo limeshachunguzwa na wanaojua, na kwetu limetokea usiku ule ule.

Ngoja nikueleze kazi yangu sasa, maana hamjaielewa vizuri. Ile ya usiku kwa wazee nimeiacha, hayo yameshapita. Tangu Septemba niko na kikosi kinachozunguka shuleni kupima watoto. Nimefanya mafunzo, nimefaulu, cheti kiko ukutani, na gari la kazi naliendesha mwenyewe. Mwambie Kaka Athman, yeye aliyesema sitaweza leseni ya huku. Uingereza kila mwaka watoto wa darasa la kuanzia shule, wa miaka 4 na 5, na wa darasa la sita, wa miaka 10 na 11, hupimwa urefu na uzito nchi nzima. Mimi mwanamke wa Langoni, Lamu, ndiye ninayeweka mizani sakafuni na kumwambia mtoto wa Kizungu avue viatu.

Na nikuambie tunavyofanya. Mtoto anaingia nyuma ya pazia peke yake. Namba naiona mimi, naiandika, siisomi kwa sauti, wala mwenziwe haioni. Hata kijana akiniuliza "nina ngapi?" mbele ya wenzake, najibu kwamba mzazi ataletewa barua. Katika hao wa darasa la sita, zaidi ya mmoja kati ya watano anatoka na unene uliokithiri. Mmoja kati ya watano, dada. Kwa hiyo usidhani ni aibu iliyoangukia nyumba yetu peke yake. Shirika la Afya Duniani limehesabu kuwa mwaka 2022 watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 19 waliozidi uzito duniani walikuwa zaidi ya milioni 390, na kati yao milioni 160 ni wale wa unene uliokithiri. Hao wote si walafi. Kitu kimebadilika katika maisha yao, na kwa Sauda nakiona wazi.

Kwanza shingo. Wiki iliyopita nilimpigia kwa video, nikamwona anaificha kwa mtandio. Nikamwambia nionyeshe. Akageuka, akainua nywele. Ngozi ya nyuma ya shingo ni nyeusi, nene, ina mikunjo midogo midogo kama mahameli, na juu yake kuna michubuko mibichi. Akaniambia: "Bibi ananisugua kwa dodoki na limau, lakini nongo haitoki."

Ile si nongo. Mwambieni Mama aache leo hii, msimchubue tena mtoto. Mwilini kuna homoni inaitwa insulini, ndiyo inayoiingiza sukari kwenye misuli. Uzito ukizidi, mwili unaanza kutoisikia vizuri, kongosho linatoa nyingi zaidi, na ikizidi damuni inaifanya ngozi ya shingo na kwapa inenepe na kuwa nyeusi. Haina maana kwamba ameshapata kisukari. Ina maana apimwe. Mpeleke hospitali asubuhi kabla hajala kitu, mwombe apimwe sukari ya damu na presha, na daktari umwonyeshe shingo. Mwaka jana alipopelekwa kwa ajili ya homa, aliyemwona alimwambia "punguza kula" akamgeukia mwingine. Safari hii usikubali kuondoka hivyo. Na wakimpima uzito, waulize wanasoma chati gani, kwani mtoto hasomwi kwa kipimo cha mtu mzima. Anasomwa kwa chati ya umri wake na ya wasichana.

Sasa yaliyobadilika. Mlipokuwa Langoni, Sauda alikwenda shule kwa miguu, akarudi, akaenda chuo cha Kurani, akarudi, jioni akatumwa Mkunguni mara mbili. Toka muhamie Wiyoni anapanda boda kwenda na kurudi. Alipokuwa na miaka 9 alikuwa akiogelea pale karibu na jeti na watoto wa Mwana Khadija mpaka macho yanakuwa mekundu, nina picha yake hapa, mbavu zinahesabika. Alipovunja ungo mkamwambia basi, wewe sasa mtu mzima, kaa ndani. Sikatai, ndivyo tulivyolelewa, hata mimi nilitolewa baharini hivyo hivyo. Ila sisi tulipotolewa baharini tulikuwa tunatwanga, tunakuna nazi, tunapandisha maji juu. Yeye alipotolewa alipewa simu. Wavulana wenziwe bado wanajirusha baharini, bado wanakimbizana na punda, wakati wa Maulidi wanashindana kuogelea na watu wanawashangilia. Yeye anawatazama dirishani. Na ni hivyo dunia nzima: mwaka 2019 Shirika hilo la Afya lilitangaza kuwa katika vijana wa miaka 11 mpaka 17, asilimia 81 hawautumii mwili kiasi cha kutosha, wavulana 78 na wasichana 85. Kinachotakiwa ni dakika 60 kwa siku za kuhema na kutoka jasho. Kutoka mjini mpaka Shela na kurudi, kwa mwendo wa Mama alipokuwa na goti zima, inapita hapo.

Kisha pesa. Hili ni langu na sitakutupia wewe. Kila nilipokosa kumpigia, nilimtumia 200 kwenye simu. Nikitoka kazini nimechoka, 200. Siku ya mtihani, 200, siku nimemkaripia, 200. Hiyo 200 ndiyo viazi karai na soda ya mapumziko, ndiyo boda, ndiyo kachri na soda nyingine usiku akiwa na simu kitandani. Jana nilifanya jambo. Nilipima gramu 53 za sukari kwa mizani ya jikoni, sawa na iliyomo kwenye chupa moja ya kola ya nusu lita, nikaimimina kwenye istikani. Ikapita nusu. Nikaiweka mezani nikaitazama. Huku mtu wa miaka 11 na kuendelea anashauriwa sukari ya kutiwa isizidi gramu 30 kwa siku, na mwanangu anakunywa chupa mbili kabla hatujaitia chai ya maziwa na kaimati. Serikali ya huku ilianza kutoza ushuru soda zenye sukari nyingi mwaka 2018, na viwanda vingi vikaipunguza wenyewe. Huko kwetu mpunguzaji ni wewe na mimi.

Na usingizi. Saa saba usiku namwona hewani, saa kumi na moja mnamwamsha kwa sala na shule. Ni saa nne. Umri wake unataka saa 8 mpaka 10. Asiyelala, homoni ya njaa hupanda na ya shibe hushuka, kwa hiyo kesho yake hashibi hata umpakulie mara tatu. Ndiyo maana simu mpya nayo sinunui. Ile aliyonayo ilale chumbani kwako kuanzia saa tatu usiku. Atakasirika. Akinipigia kunililia nitasema ni amri yangu, wewe usibebe lawama.

Najua Kaka Athman atasema mwili ni neema, na kwamba upande wa babake wote Malindi ni watu wa miili. Ni kweli, kurithi kupo, na pengine ndiko kunakofanya yeye anenepe kwa maisha ambayo mwingine angebaki mwembamba. Lakini babu zake wa Malindi walikuwa na miili hiyo wakivuta makasia.

Sitaki apikiwe sufuria yake peke yake. Hilo nakuomba sana, asitengwe sinia. Mle nyote kama anavyokula: samaki wa kupaka, mchicha, kunde, mbaazi, embe na papai vya msimu. Mahamri yabaki ya Ijumaa. Soda isiingie nyumbani, hata ya Athman. Maji ya ndimu yasiyotiwa sukari, ukwaju uliotiwa kidogo. Na mtu yeyote asimtaje mwili wake, kwa wema wala kwa ubaya, hata akipungua. Asianze kujinyima wala kufunga siku nzima kwa ajili ya uzito. Bado anarefuka. Kama mwili utasimama hapo ulipo na urefu ukaendelea, tayari ni jambo kubwa.

Leo niliingia mkahawa mmoja wa Wahindi wa Uganda, watoto wa wale waliofukuzwa na Idi Amin 1972. Kwenye orodha wameandika "mogo". Nikauliza ni nini, wakaleta sahani: muhogo! Umekaangwa, una pilipili na ndimu, umechanika kama ule wa ufukweni. Nilikula kipande kimoja, kingine kikanikwama kooni. Nikakumbuka Sauda wa miaka 5 amekaa begani kwangu, mkono mmoja umenishika nywele, mwingine una muhogo, pilipili inamtoa kamasi na hataki kuuacha. Dada, ninayemwona kwenye simu simjui vizuri. Nimemlipia ada, nguo, dawa, kila kitu, na sikujua kwamba haingii kwenye picha.

Pesa ya simiti nitatuma Ijumaa, mifuko kumi, na nauli ya punda kutoka jeti juu yake. Ile 200 ya kila siku nimeisimamisha. Badala yake Jumapili nitakutumia wewe pesa ya samaki na matunda ya wiki. Sauda nitampigia kila siku baada ya Isha, hata kama ni dakika tano ndani ya gari.

Msalimie Mama, Athman, Mwana Khadija na wanawe, na bi harusi Fatma. Kwa harusi na kitanda cha boriti nimeshasema, sirudii tena. Mwite Sauda faragha umwambie neno, wewe ndiye unayejua utakavyomwambia.

Kwa huyo anayekuja na dawa ya Mama nimempa pia mfuko wa buluu. Ndani mna raba namba 39 na nguo ya kuogelea ya kujifunika kuanzia kichwani mpaka miguuni, za huku wanazovaa Waislamu. Nimezungumza na Mwana Khadija, amekubali kwenda naye Shela Jumamosi na Jumapili baada ya Alfajiri, ufukwe ukiwa hauna watu, na mabinti zake wawili. Nguo sikuijua saizi, nimekisia kwa ile picha ya Idi. Mpe aijaribu chumbani peke yake. Ikimbana usiseme kitu mbele za watu, niandikie mimi nitafute nyingine.

Mdogo wako,
Maimuna