Makato ya mkopo: slipu zifike kabla ya Ijumaa

Habari za jioni ndugu zangu wa Kigoma. Barua kwa wabunge wetu inaomba jambo moja: makato ya mkopo wa elimu ya juu yashuke. Mwenye mshahara wa msingi wa 700,000 anakatwa 15%, yaani 105,000. Kwa 8% ya kabla ya sheria ya 2016 angekatwa 56,000. Hiyo 49,000 ni kodi ya chumba, jamani.

Kila mmoja achukue taarifa ya deni HESLB (Bodi ya Mikopo), ailinganishe na slipu ya mshahara mwezi kwa mwezi. Tozo ya 6% ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa Julai 2021, kwa hiyo hakikisha haijaendelea kuongezeka baada ya hapo. Pesa uliyokatwa isiposoma kwenye taarifa hiyo, mara nyingi namba ya mtihani wa kidato cha nne imekosewa, au mwajiri amekata bila kuwasilisha. Hili la pili linaumiza zaidi walioajiriwa shule binafsi. Dai risiti ya malipo kwa maandishi, ubaki na nakala yenye mhuri.

Wa Kasulu, Kibondo na Uvinza pigeni picha slipu, mfiche akaunti ya benki, mnitumie inboksi. Humu hapana.