Taarifa ya mwenyekiti: oga chafu na kisima cha jirani

Ndugu wanachama, hamjambo nyote. Mambo ya hela nayapitia haraka sababu mweka hazina atawasomea mwenyewe, ada mmelipa vizuri kuliko mwaka jana na deni la rigi, ile mashine yetu ya kuboa, tumemaliza, ahsanteni sana. Mimi nataka nikae kwenye jambo moja ambalo limeninyima usingizi, usafi wa oga, ile parafujo ya chuma tunayoboa nayo ardhi kuchukua sampuli za udongo wa kupimwa uchafu.

Wengi mmesikia juujuu ile kazi ya kituo cha mafuta cha zamani hapa Mombasa, basi leo niwape yote. Shimo la kwanza tuliboa pale pale matangi yalipozikwa, tukashuka mita 3, udongo ukatoka wa kijivu, umelowa, harufu ya petroli mpaka macho yanawasha. Kutoka hapo tukahamia mpakani, karibu na kisima cha jirani, na mimi nilikuwepo, nikaona vijana wanaifuta oga kwa gunia kavu nikanyamaza, maana jua linazama na mwenye kazi anatuharakisha. Majibu ya maabara yakaja, shimo la mpakani lina benzini, ile sumu iliyomo kwenye petroli. Mama mwenye kisima akaambiwa akifunge, akawa ananunua maji ya mkokoteni yeye na wapangaji wake. Tukarudi na oga iliyosuguliwa, tukaboa hatua moja pembeni ya lile shimo, sampuli ikatoka safi kabisa. Ile benzini tuliipeleka sisi wenyewe jamani. Nilienda kwa yule mama kumuomba radhi na chama kikamrudishia hela yake ya maji, mtaiona kwenye hesabu.

Kaangalieni oga zenu pale bawa linaposhikana na chuma cha katikati, tope linaganda pale na gunia halilitoi hata ufute vipi. Ni brashi ngumu, maji na sabuni isiyo na fosfeti, suuza kwa maji ya bomba, halafu maji ya maabara yaliyosafishwa, na haya ya mwisho myamwagie oga tena mkinge kwenye chupa muipeleke maabara pamoja na sampuli, kwa sababu ile chupa ndio itawaambia kama oga ilikuwa safi au la, na sisi siku ile hatukuwa nayo. Glavu mpya kila sampuli. Na anzeni upande unaodhaniwa safi mwishie kwenye uchafu, sisi tulifanya kinyume.

Petroli inaruka hewani kama mvuke, kwa hiyo udongo wake msiukoroge kwenye ndoo hata kidogo, chupa ijae mpaka juu, kifuniko kikaze, iingie kwenye barafu hapo hapo, nyuzi 4 hivi, na fomu ya makabidhiano isainiwe na kila anayeishika. Risasi, ile metali yenye sumu ya kwenye betri, ni kitu kingine, haiendi hewani, inakaa juu juu pale watoto wanapocheza, kwa hiyo ukishuka mita 3 ukachanganya udongo wote pamoja umeificha mwenyewe, ni sentimita chache za juu ndizo zinazotakiwa, peke yake. Tunaijua Owino Uhuru, mtaa wa hapa Mombasa uliochafuliwa na risasi, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifungwa 2014, mahakama ya mazingira hapa hapa Mombasa ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, rufaa ikaivuruga, mpaka Desemba 2024 Mahakama ya Juu ndio ikairudisha. Miaka yote hiyo watu wanabishana, na sampuli ya udongo inabidi isimame mbele ya wakili anayeuliza nani alichukua, saa ngapi, kwa chombo gani. Mimi ningeulizwa kuhusu ile oga ya mpakani ningejibu nini?

La mwisho ni kuziba mashimo. Mwamba wetu wa matumbawe umejaa matundu, shimo likiachwa wazi au likirudishiwa udongo ule ule mchafu, mvua ikinyesha inaupeleka moja kwa moja kwenye maji ya visima. Zibeni kwa bentonaiti, ule udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa, kutoka chini kuja juu. Magunia ya chama yapo stoo, mwenye kazi wiki hii aje achukue, aandike kwenye daftari amechukua mangapi na anaenda kuboa wapi.