Futari ya Dar si futari ya Kigoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kile kijisanduku cha nyakati za swala mnachokichapa kila siku, ambacho Ramadhani ikiingia mnakipamba kwa picha ya mwezi na kukiita ratiba ya futari na daku. Mimi nakisomea Ujiji. Nilifundisha jiografia sekondari hadi nilipostaafu, na sasa msikitini kwetu ndiye niliyekabidhiwa saa ya ukutani na karatasi ya nyakati, kwa hiyo jambo hili linanigusa pande zote mbili.

Nyakati mnazochapa ni za Dar es Salaam. Chini yake, kwa herufi za kutafutia miwani, mnaandika kwamba mikoa mingine izingatie tofauti ya maeneo. Izingatie vipi, Mhariri? Mama wa Kibirizi mwenye sufuria ya uji jikoni aende kutafuta globu?

Tofauti yenyewe si ya kupuuza. Dar es Salaam iko longitudo nyuzi 39 na dakika 17 mashariki. Kigoma iko nyuzi 29 na dakika 38. Dunia inajizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, maana yake kila nyuzi moja inachukua dakika nne. Nyuzi zinazotutenganisha sisi na nyinyi ni tisa na zaidi ya nusu, na ukipiga hesabu unapata dakika 38 na ushei. Dodoma inakuwa nyuma ya Dar kwa dakika kama 14, Tabora kama 26, sisi ndio mkia. Katikati ya Februari jua la Dar linazama karibu saa 12:47 jioni. Kigoma linazama saa 1:24 usiku. Anayefuturu kwa kijisanduku chenu siku hiyo anakula tende jua likiwa bado juu ya milima ya Kongo.

Mtasema nani atakayefuturu huku analiona jua. Siku nyeupe, hakuna. Lakini Ramadhani ya miaka hii inatuangukia Februari na Machi, na huku kwetu hiyo ni miezi ya mvua. Kuna jioni ambazo mawingu yamelala juu ya ziwa tangu alasiri, na saa kumi na mbili ukitazama nje hujui kama ni magharibi au ni mvua inakuja. Katika jioni ya namna hiyo jirani yangu alipata mgeni, mkwe wake, kijana aliyeshuka kwenye treni kutoka Dar. Tumekaa barazani, sinia limefunikwa kawa, simu ya kijana ikaadhini mfukoni. Akasema bismillahi na mkono ukaenda kwenye tende. Shemeji yake akamshika kiganja.

"Subiri kwanza, shemeji."

"Mbona imeshaadhini?"

"Imeadhini Kariakoo."

Tulicheka sana, naye akacheka. Simu yake ilikuwa bado inahesabu kwa mji alioondokea, hakuwa amewasha kitu cha kuijulisha kwamba amevuka nchi nzima. Lakini angekuwa peke yake chumbani, ile funga angeilipa. Wavuvi wetu wa dagaa nao wanaingia ziwani kabla ya magharibi, wamebeba chupa ya uji na redio ndogo, na redio inaleta adhana ya Dar. Wazee miongoni mwao wanajua, wanaiacha iadhini na kuendelea kupanga karabai zao. Vijana wanaoanza kazi ndio wa kuwaonea huruma.

Na daku je? Hapo sisi tukifuata Dar hatudhuriki, tunaacha kula mapema tu, njaa yetu wenyewe. Anayedhurika ni wa kwetu anayesafiri kwenda Dar na karatasi ya Kigoma mfukoni: anakunywa chai alfajiri imeshaingia zamani. Ndiyo maana nasema kuchapa mji mmoja kwa nchi pana kama hii kunawachanganya watu wa pande zote mbili za reli.

Kuna waliokwisha kuniambia, "Mwalimu, si uongeze dakika 38 tu yaishe?" Haiishi. Dar iko kusini yetu kwa karibu nyuzi mbili za latitudo, na mhimili wa dunia umelala kwa nyuzi 23.4, kwa hiyo mchana wa Dar na mchana wa Kigoma havirefuki wala kufupika kwa kipimo kimoja. Desemba tofauti ya magharibi inashuka hadi dakika kama 35. Juni inapanda hadi kama 42. Februari ni kama 37. Dakika tatu au nne kwa mfungaji ni muda. Anayeongeza 38 mwezi Juni anafungua kinywa jua halijazama.

Halafu kuna jambo ambalo hata wanafunzi wangu wa kidato cha nne lilikuwa linawatoa jasho. Watu wanaamini kwamba karibu na ikweta jua linazama saa ileile mwaka mzima. Si kweli. Kigoma hapa, mwanzoni mwa Novemba linazama saa 12:54 jioni, na katikati ya Februari saa 1:24 usiku. Nusu saa nzima imesogea, na urefu wa mchana haujabadilika hata dakika mbili! Kilichosogea ni adhuhuri yenyewe, kutoka saa 6:45 mchana hadi saa 7:16.

Sababu iko kwenye njia ya dunia kulizunguka jua, ambayo si duara kamili. Mwanzoni mwa Januari tunakuwa karibu na jua kuliko wakati wowote, kilomita milioni 147 hivi. Mwanzoni mwa Julai tunakuwa mbali, kilomita milioni 152. Ikiwa karibu, dunia inakimbia zaidi. Sasa, dunia ikishajizungusha mara moja inakuta imeshasogea mbele kwenye njia yake, hivyo inabidi igeuke kidogo tena ndipo jua lirudi palepale lilipokuwa jana. Januari kile kidogo kinakuwa kikubwa, na ulalo wa mhimili unakiongezea. Mwishoni mwa Desemba jua linachelewa karibu nusu dakika kila siku kwa kufuata saa ya ukutani. Nusu dakika hiyo ikijikusanya kwa wiki kadhaa, ratiba ya mwezi uliopita haifai kitu. Na kwa kuwa Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, tunaelekea hukohuko: mwaka 2030 tutafunga mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena ikiingia mwishoni mwa Desemba. Hapo anayenakili ratiba ya zamani ataumbuka.

Kuna na la saa zetu wenyewe. Saa ya Tanzania imewekwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita jirani na Mogadishu. Nchi yetu haifiki huko. Hata Mtwara, mashariki kabisa, jua linafika katikati ya safari yake baada ya saa sita, mwaka mzima. Kigoma kwa wastani linafika saa saba na dakika moja. Wenzetu wa Bujumbura, mwambao mmoja na sisi, jua moja na sisi, saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa nzima, na kwao jua la mchana linagonga saa sita na dakika mbili tu. Mfanyabiashara anayetoka Kigoma kwenda Bujumbura kwa boti anageuza saa lakini haongezi wala hapunguzi mwangaza. Sisemi saa zibadilishwe. Nasema mhariri aliyeko Dar akumbuke kwamba saa ya simu yake na jua la mtu mwingine ni vitu viwili.

Mwisho niseme juu ya hewa, maana msikitini kwetu hubishaniwa kila mwaka. Kuna wanaosema ratiba za nini, tutazame jua kwa macho kama wazee. Nawaheshimu, na asili ya jambo ni hiyo. Lakini tulipo sisi, jua la Ujiji linajificha nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, dakika kadhaa kabla halijazama kweli, na kujificha nyuma ya mlima si kuzama. Kiangazi ndiyo zaidi: moshi wa mashamba yanayochomwa pande zote mbili za ziwa unajaa angani, jua linakuwa jekundu kama kaa la moto na kupotelea kwenye ukungu kabla halijaigusa milima yenyewe. Kwa upande mwingine, angahewa linaupinda mwanga. Pale ambapo hakuna mlima, ukiona jua limegusa upeo wa maji, kwa hesabu lenyewe limeshakwenda chini, unachokiona ni mwanga wake uliopinda. Kupinda huko kunaliongezea jua maisha ya zaidi ya dakika mbili kila jioni. Waandaaji wa ratiba nzuri wanakuwa wameshaihesabu hiyo, pamoja na upana wa jua lenyewe. Alfajiri ni hewa hiyohiyo: inaangaza wakati jua likiwa bado nyuzi 18 chini ya upeo, au 18.5 kwa hesabu ya Makka, au 19.5 kwa hesabu ya Misri. Hapo maulamaa wanatofautiana na mimi siingilii.

Hata urefu wa jengo una hesabu yake. Mwaka 2011 wanazuoni wa Dubai waliwaambia wakazi wa lile ghorofa la Burj Khalifa kwamba walio juu ya ghorofa ya 80 wachelewe kufuturu dakika mbili, na walio juu ya ya 150 dakika tatu, kwa kuwa wao bado wanaliona jua. Jengo moja, futari tatu! Na sisi tulio zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Dar tunapewa futari moja.

Ombi langu, Mhariri, ni safu tano badala ya moja: Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza, Tabora na Kigoma, kila mji uhesabiwe kwa longitudo na latitudo yake, si kwa kuongeza na kupunguza kutoka Dar. Anayezitengeneza hizo za Dar anaweza kuzitengeneza na hizi kwa mchana mmoja. Kama tatizo ni nafasi, ukurasa huohuo mna utabiri wa nyota wa watu wote wa Tanzania, Simba na Ng'e na Mizani. Punguzeni hapo sentimita nne.

Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma.