Huck ni mwongo ndio, lakini someni sura ya 15

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye safu ya barua. Kila ikitajwa riwaya ya Mark Twain kuhusu kijana Huckleberry Finn (Huck) utasikia mtu anasema haifai kwa vijana, eti shujaa wake ni mwongo na mtoro wa shule. Malalamiko haya si mapya, kitabu kilitoka Marekani Februari 1885 na mwezi uliofuata maktaba ya Concord kule Massachusetts ikakiondoa kwenye rafu ikakiita takataka.

Sibishi kwamba Huck anadanganya. Kila akifika kwa watu ana jina jipya, mara kajifanya msichana, mara yatima, mara familia nzima imekufa. Lakini uongo wake si wa aina moja, na Twain ametuwekea sehemu ya kuona tofauti waziwazi, ile ya ukungu, na ndo sehemu watu wanaipita mbio ili wakaandike kwamba mto ni alama ya uhuru basi yameisha.

Huck na Jim, mtumwa aliyetoroka, wanashuka Mississippi kwa chelezo wakitafuta mji wa Cairo, si ule wa Misri bali wa Illinois, pale mto Ohio unapoingia, wapande Ohio kuelekea majimbo yasiyo na utumwa. Ukungu unashuka, Huck yuko kwenye mtumbwi, Jim kwenye chelezo, wanapotezana usiku kucha wakiitana bila kuonana. Huck akimkuta mwenzake amelala kwa uchovu, mkono bado uko juu ya kasia la usukani, kasia la pili limevunjika na chelezo kimejaa majani na matawi, anajilaza pembeni halafu anajifanya ndo anaamka. Ukungu gani? Uliota tu Jim! Na Jim anamwamini, anaanza hata kuitafsiri ile ndoto, kisiwa hiki ni mtu mwema, mkondo ule ni mtu mbaya, na maji meupe huko mbele ni nchi ya uhuru. Hapo Huck anamwonyesha majani na kasia lililovunjika, anamuuliza, sawa, na hivi navyo maana yake nini?

Jibu la Jim naomba kila mwalimu alisome kwa sauti. Anasema moyo wake ulikaribia kupasuka akidhani Huck amepotea, akaona hata yeye mwenyewe liwalo na liwe, na alipoamka akamwona mzima nusura apige magoti ambusu mguu, kumbe mwenzake anawaza tu namna ya kumfanya mjinga. Zile ni takataka, anasema, na takataka ni mtu anayempaka rafiki yake uchafu kichwani akamwaibisha. Akainuka akaingia kibandani. Huck alihitaji robo saa mpaka akaweza kujishusha aende kumwomba radhi mtu mweusi, na anasema hakuwahi kujuta kufanya hivyo. Yaani alama zote za ndoto zilikuwa hewa, ukweli ulikuwa kwenye yale majani.

Sura inayofuata wanakuja wawinda watumwa wanauliza, mtu wako ni mweupe au mweusi? Huck anasema mweupe, kisha anawaachia wadhani kuna ndui kwenye chelezo, nao wanakaa mbali na kila mmoja anamwachia dola 20 za dhahabu kwenye ubao unaoelea. Huu nao ni uongo, ila sasa unamkinga Jim, na mtu akiuweka kapu moja na ule wa ukungu ujue hajasoma. Halafu sura ya 31, baada ya matapeli waliojiunga nao kwenye chelezo kumuuza Jim, Huck anaandika barua ya kumfichua Jim kwa Miss Watson aliyekuwa akimmiliki, mama mcha Mungu aliyemfundisha Huck sala na huku alikuwa anashawishika kumuuza Jim kwa dola 800. Huck anajaribu kusali inashindikana, anasema mtu hawezi kusali uongo. Anaichana barua akiamini kabisa kwamba ataenda motoni. Kila kitu alichofundishwa kilimwambia anatenda dhambi, na bado akachana. Uaminifu mkubwa kuliko huo mimi sijui tuutafute wapi.

Na huo mto wenyewe tusiusifie sana, maana unawapeleka kusini, Cairo waliipita kwenye ukungu ule ule bila kujua na kila usiku wanazidi kuzama kwenye majimbo ya utumwa.

Kinachoniuma ni mwisho. Tom Sawyer, rafiki yake Huck, anakuja anajua fika kwamba Miss Watson alishafariki na kumwachia Jim uhuru kwenye wosia, ananyamaza, anamwacha mtu mzima amefungwa mnyororo na kuletewa panya na nyoka ili yeye apate mchezo wa kumtorosha, na Huck aliyesema baada ya ule ukungu kwamba hakumchezea Jim hila mbaya tena anafuata tu. Mwishoni Tom anampa Jim dola 40 za usumbufu, kiasi kile kile ambacho wale matapeli walimuuzia, na Jim anafurahi. Wanaotaka kukilalamikia kitabu walalamikie hapo, nami nitawaunga mkono.

Msomaji wako wa siku nyingi