Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Zanzibar: Mwanafunzi aliyeona haya kumwamsha dokta

Mheshimiwa Waziri,

Assalaamu alaykum. Mimi ni muuguzi wa wodi huku Pemba, na kila mwaka napokea wanafunzi wa uuguzi wanaoletwa kwa mazoezi.

Usiku mmoja, saa tisa, nilipita nikitazama chati. Safu ya pumzi imeandikwa 20, 20, 20, kitanda hadi kitanda, utadhani wodi nzima inavuta pumzi kwa amri moja. Dirishani kalala bibi aliyeingia na homa ya mapafu. Nikaweka mkono kifuani pake, nikahesabu dakika nzima: 34. Vidole vya baridi, na maneno yameanza kumpotea. Nikamuuliza mwanafunzi wa zamu. Akainama. "Nilimuona anahema tangu saa sita, sista. Nikaona haya kumwamsha dokta."

Bibi alipona, alhamdulillahi. Kijana nilimkaripia, na kesho yake nikajuta.

Maana skuli kafundishwa. Ukimuuliza atakwambia mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi 12 hadi 20 kwa dakika, na kwamba mara nyingi pumzi huharibika saa kadhaa kabla presha haijashuka. Alichokosa ni mtu wa kusimama naye kitandani giza limeingia. Walimu wao huja asubuhi, husaini vitabu, na adhuhuri haiwakuti wodini. Wagonjwa nao hawachagui saa ya kuzidiwa.

Halafu kuna hii haya yetu. Tumelelewa mdogo asimtangulie mkubwa kusema, na ni malezi mazuri, ila wodini yanaweza kuua. Uingereza tangu 2012 wana chati ya alama: pumzi, oksijeni, presha, mapigo, joto na fahamu, kila kimoja kina alama zake. Pumzi zikifika 25, hapo pekee ni alama 3, na daktari anaitwa haraka. Jumla ikifika 7, ni dharura. Mimi naipendea jambo moja: mwanafunzi hahitaji kusema "mimi naona". Anasema "alama zimefika saba," na karatasi ndiyo inayomwamsha dokta. Hakuna aliyevunjiwa heshima.

Ninaloomba, Mheshimiwa, ni chati ya namna hiyo katika wodi zetu za Unguja na Pemba, na agizo la maandishi kwamba mwanafunzi akiita kwa alama, anaitikiwa. Na mwalimu apangwe zamu ya usiku pamoja na wanafunzi wake, hata kama ni mara mbili kwa wiki.

Saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde sikuombi. Niliinunua mwenyewe Chake Chake, wiki ileile. Betri imekufa juzi, nitaweka nyingine.

Wako mtiifu,
Muuguzi wa wodi, Pemba